Dirisha Ambalo Sikuliandika

Niliajiriwa kwa sababu ya buibui. Cheti cha shule nilikuwa nacho, na mama alikitia kwenye fremu akakitundika sebuleni juu ya saa, lakini hakuna aliyekiuliza. Ofisi moja ya mipango kule kisiwani ilitaka kujua Likoni itahitaji maduka mangapi baada ya miaka kumi, na makarani wake, wote wanaume, walikuwa wamezunguka wiki nzima wakarudi na karatasi nyeupe. Kila mlango waliobisha walijibiwa na sauti nyuma ya pazia, "Mwenyewe hayuko." Basi likapita neno kwamba anatafutwa msichana wa Kiislamu ajuaye kusoma na kuandika, na Kiingereza cha kuombea maji. Upande wetu tulikuwa wawili wa namna hiyo, na mwenzangu alikuwa ameshaposwa.

Hiyo ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini, kabla watu hawajaanza kugombana barazani juu ya uhuru na mwambao kujitenga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona nimefika.

Bwana mipango alikuwa mzungu mrefu, shingo imebabuka kwa jua, mpole kuliko nilivyotarajia. Alinieleza kazi kwa Kiswahili chake cha kuamuru, maana hakuwa na kingine, ila kila amri aliifunga kwa "tafadhali". Bandari inapanuka, alisema. Watu wa bara wanakuja kila mwezi. Mashamba ya minazi nyuma ya barabara ya kivuko yatakuwa nyumba. Ukijua leo nyumba moja hununua nini, wapi, na mara ngapi kwa wiki, halafu ukajua nyumba zitakuwa ngapi, utajua mapema vyumba vya maduka vingapi vijengwe, na vijengwe wapi. Ukikisia vingi, vitakaa vitupu vilalwe na mbuzi. Ukikisia vichache, watu watatembea maili mbili kufuata chumvi. Nilimwelewa vizuri, na mpaka leo sioni ubaya wa hesabu ile. Ubaya ulikuwa kwa aliyemletea tarakimu.

Palikuwa na karani mkuu pia, mtu wa bara, aliyevaa tai hata mwezi wa Januari. Huyo ndiye aliyenifundisha kujaza fomu. Siku ya kwanza alinitania. "Dada, huku kwenu pwani mtu hununua sigara moja, kiberiti akaazima. Utapata nini cha kuandika?" Nilicheka kwa adabu. Lakini nilipanda kivuko kurudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikajiapia kwamba fomu zangu zitamwonyesha kuwa na siye ni watu. Kazi nilikuwa nimeshaiharibu, na sijaingia hata nyumba moja.

Fomu ilikuwa na maswali manne. Nyumba ina watu wangapi, na inatarajiwa kuwa na wangapi miaka ijayo. Chakula chanunuliwa wapi. Dukani huendwa mara ngapi kwa wiki. Na la mwisho: je, katika nyumba hii kuna biashara yoyote?

Swali la kwanza peke yake lilitosha kunifukuzisha. Kwetu watoto hawahesabiwi hadharani, ni kuwatafutia jicho, na kesho haitajwi bila inshallah, sembuse miaka kumi. Nilimwuliza mama mmoja mwenye mimba kubwa, "Mtakuwa wangapi humu baadaye?" Akanitazama kama mtu anayetafuta kitu cha kunirushia. "Kamwulize Mola," akasema. Fomu haikuwa na nafasi ya Mola, kwa hiyo nilitia tarakimu niliyoipenda mwenyewe. Kisa hicho nilikuwa nikikisimulia ofisini na watu wakicheka, na mimi nikicheka zaidi yao.

Maswali yaliyofuata hayakuwa ya kuchekwa. Likoni ya siku zile, mwanamke mwenye kustahiwa hakuwa mtu wa dukani. Nyumba iliyosimama ilikuwa na gunia la mchele, debe la samli na sukari ya mwezi mzima, na vyote vililetwa na mume kutoka kisiwani. Kununua kwa kibaba, unga wa leo ukaliwa leo, kulikuwa ni kumtangaza mumeo kuwa hawezi. Na karibu sote tulinunua kwa kibaba. Wanaume wetu walikuwa vibarua wa bandarini, mafundi cherehani, makarani wadogo, walimu wa chuo cha Kurani. Gunia walikuwa wakiliona katika maduka ya watu. Kila mtu alijua habari ya jirani yake na kila mtu aliifunika. Sitara, twaiita, na ni jambo tunalofunzwa kabla ya kufunzwa alifu: msitiri mwenzio, na Mungu atakusitiri.

Kibaba chenyewe tulikinunua dirishani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichochoro chembamba, na katika kichochoro hicho nyumba ya mjane mmoja, rafiki wa mama, ambaye mumewe alikufa kwa homa angali kijana. Dirisha lake la jikoni lilitazama kichochoroni. Hapo alikuwa akiuza unga, chumvi, vitunguu, mafuta ya taa kwa chupa, sukari iliyofungwa kwenye gazeti, sabuni ya mche aliyoikata kwa uzi. Hapakuwa na kibao. Wanaume hawakupita kichochoro kile, kwa hiyo wanawake walikwenda na kanga zao tu, kwa milango ya uani, bila kuhangaika na buibui. Asubuhi ungewakuta watano, sita, wamesimama wakinong'ona. Sidhani kulikuwa na duka lililouza kuliko lile upande wetu mzima, na waume zetu hawakulijua, au walilijua wakanyamaza.

Dirisha hilo ndilo lililomweka mjane kwake. Alikuwa na kaka kisiwani, mfanyabiashara mwenye jina, aliyetaka dada yake arudi kwake akalelewe, kama ilivyo desturi. Mjane hakutaka hata kusikia. Alikuwa akimwambia mama, nami nipo nikisikia, "Miye kwa wifi yangu ntakwenda nikiwa maiti. Hapa kwangu nalala nitakapo, naamka nitakapo, na chai nakunywa kwa sukari yangu." Kaka aliambiwa kuwa dada yake huishi kwa kushona kofia. Lau angejua kwamba binti wa nyumba yao anauza vitunguu dirishani, angevuka kivuko siku hiyohiyo kumchukua, kwa aibu.

Nilianza na nyumba yetu, kwa kujizoeza. Mama alikaa kitako mkekani, akajitanda vizuri, kana kwamba mzungu mwenyewe amekaa mbele yake.

"Chakula chanunuliwa wapi?" nikauliza.

"Kisiwani. Babako huleta."

"Mama."

"Andika."

"Lakini mama, unga wa jana..."

"Weye wataka kutuvua nguo mbele ya wazungu? Andika babako huleta. Gunia, kila mwisho wa mwezi."

Nikaandika gunia. Baada ya hapo kila nyumba ilikuwa na gunia. Mama mmoja aliniambia hajui hata bei ya chumvi, na mkononi alikuwa ameshika chumvi, bado imefungwa katika gazeti la mjane. Sikumwuliza neno. Niliandika, na niseme kweli, niliandika kwa raha, maana nilikuwa nikimwona karani mkuu na tai yake akisoma gunia, gunia, gunia. Dukani huendwa mara ngapi kwa wiki? Hakuendwi. Hakuendwi. Hakuendwi. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nilipofika kwa mjane nilimkuta anapima unga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, kaa."

Alivuta mbao za dirisha akazifunga, akapangusa mikono kwa ncha ya kanga, akanisogezea kigoda. Maswali matatu aliyajibu upesi, gunia nalo likiwamo. Likabaki la nne.

"Katika nyumba hii kuna biashara yoyote?"

Nje mtu aligonga mbao za dirisha kwa kucha, akangoja, akagonga tena. Sote wawili tulisikia na hakuna aliyegeuka.

"Yataka nini serikali?" akauliza.

"Wataka kujua maduka mangapi yajengwe huku, siku za mbele."

"Na karatasi hizi husomwa na nani? Watu wa kisiwani huziona?"

"Sijui, bibi."

"Basi andika sina. Miye hukaa tu."

Sasa niseme lile ninalolizunguka. Karani mkuu alikuwa ameshaniambia, siku ya pili au ya tatu ya kazi, kwamba maduka yatakapojengwa, atakayefikiriwa kwanza ni yule aliyeandikwa kuwa na biashara tayari. Nilikuwa nalo jambo hilo mdomoni nimekaa juu ya kigoda chake. Sikumwambia. Ningemwambia, huenda angesema anayo, niandike. Na ningeandika duka, karani mkuu angeuliza wanunuzi wake ni akina nani, ikiwa kila nyumba ina gunia. Fomu zangu zote zingeanguka, na ya mama ya kwanza. Kwa hiyo niliandika "hakuna", nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikashukuru, nikatoka. Uani nilipishana na jirani yetu anaingia, bakuli amelificha chini ya kanga, naye akaniamkia kwa heshima kubwa kama mtu aendaye kutembea tu.

Siku ile nilijiambia nimemsitiri mjane. Kumsitiri mtu ni kufunika aibu yake. Mimi nilikuwa nafunika yangu, na yeye nikamtumia kuwa kifuniko.

Ripoti ilipotoka bwana mipango aliniita aniwekee ramani mezani. Upande wetu mzima ulipewa vyumba vinne vya maduka, vya mawe, karibu na barabara ya kivuko, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba wenyeji wa pale hununua kisiwani na wataendelea kununua kisiwani. Changamwe, ng'ambo ya kisiwa, nao walipewa safu mbili ndefu na soko lenye paa. Huko watu wa bara hawakuona haya kumwambia karani kwamba hununua unga kila jioni wakitoka kazini, na kabichi nusu. Waliosema mficha uchi hazai walitujua. Karani mkuu alinitazama akatikisa kichwa. "Dada, kumbe nyinyi ni matajiri." Wallahi nilifurahi. Nilivuka kivuko siku hiyo na kichwa juu.

Ujenzi ulichukua miaka, kama kawaida ya mambo ya serikali. Nami nilibaki kazini, nikapandishwa cheo kidogo, nikawa mkalimani wa ofisi. Maduka manne yalipokaribia kufunguliwa, ikatoka amri kwamba katika eneo lile vyakula viuzwe madukani tu, si majumbani. Hatukuijali. Hakuna aliyejua kichochoro chetu.

Aliyekijua alikuwa bwana afya, na alikijua kwa bahati. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kutafuta viluwiluwi vya mbu kwenye mapipa ya maji, akakosea njia, akajikuta uso kwa uso na wanawake sita na dirisha. Wanawake walitawanyika wakijifunika. Mjane hakuwa na pa kukimbilia, alikuwa ndani ya duka lake. Alipewa karatasi ya onyo, na kesho yake wakaja mafundi wawili wakapigilia mbao misumari kwa nje.

Wiki hiyo niliwaona majirani zangu wakitembea jua kali hadi barabara ya kivuko, na mabuibui yao, kwenda kununua kibaba cha unga na kungoja nyuma ya mabaharia na makuli. Mama alikuwa mmoja wao. Alirudi ametota jasho, akakaa mkekani, akavua viatu, na hakunisema hata kidogo. Ningependa angenisema.

Mjane alikuja nyumbani mara mbili kuniulizia. Mara zote mbili nilikuwa chumba cha ndani, nikamsikia akimwambia mama, "Binti yako ndiye aliyekuja na zile karatasi. Yeye alijua. Yeye alikula sukari ya dirisha lile tangu hana meno." Na mama, maskini, aliyefunzwa kama nilivyofunzwa, akajibu kwamba sipo. Mjane hakubishana. Alisema haya, nikirudi niambiwe amepita. Kati ya maduka manne, matatu yalikuwa yameshapata wenyewe, watu kutoka kisiwani. La nne lilikuwa bado, na ofisi ilisema itawasikiliza wanaolitaka katika baraza la hadhara. Hilo ndilo alilolitaka, nami nimshuhudie. Akilipata, atabaki kwake. Akilikosa, hana cha kumweka Likoni.

Baraza lilikaa katika darasa moja la shule karibu na kivuko. Uhuru ulikuwa umekaribia, na bwana mipango alikuwa ameshaanza kufunga masanduku yake, lakini alikuja na faili zote. Karani mkuu alikaa kulia kwake. Mimi nilisimama pembeni, mkalimani. Madawati yalijaa wanaume, wengine wafanyabiashara wa kisiwani wanaomjua kaka wa mjane kama wanavyojua mlango wa msikiti. Mjane aliingia peke yake, uso wazi, akasimama mbele yao wote.

"Miye nimeuza dirishani tangu mume wangu afe," akasema. "Unga, chumvi, mafuta. Nawaomba chumba kile, kodi ntalipa."

Niliona vichwa vikigeukiana kwenye madawati. Kitu alichokificha miaka yote ile alikuwa amekitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu ambao jioni hiyo wangekunywa kahawa na kaka yake. Nilitafsiri. Bwana mipango alipekua faili akaipata fomu, akaisoma mara mbili, akaniuliza kwa Kiingereza, bila ukali wowote. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri kila lisemwalo ili watu wasikie. Basi nikajiuliza mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili: "Bwana auliza, huyu binti aliyeijaza fomu, siku ile aliona biashara yoyote katika nyumba hii?"

Watu walingoja. Ndiyo moja tu. Ningesema ndiyo, na wangeuliza kwa nini basi niliandika hakuna. Wangefungua faili zima, gunia baada ya gunia, nyumba ya mama ikiwa juu. Karani mkuu alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia kalamu yake, na nadhani alikuwa ameshaelewa zamani. Nilifungua mdomo. Nikaufumba. Nilimtazama mjane, na sijui alisoma nini usoni pangu, lakini alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia mzungu.

"Mwambie bwana, mtoto hana kosa. Aliandika nilivyomwambia. Nilimwambia sina."

Nikamwambia bwana. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Sijawahi kutafsiri vizuri kama nilivyotafsiri pale. Bwana mipango alisema anasikitika, lakini ofisi haina budi kufuata yaliyoandikwa, na chumba cha nne kikapewa mtu wa viatu.

Nilimfuata nje mpaka penye mteremko wa kivuko. Alikuwa anatembea taratibu, bado uso wazi.

"Bibi, nisamehe."

"Kwa lipi? Si nilikwambia mwenyewe uandike sina?"

Hapo ningeweza kunyamaza tena na asingejua kamwe. Nashukuru angalau hapo sikunyamaza. Nilimweleza kwamba siku ile jikoni kwake nilikuwa najua. Nilijua kwamba walioandikwa ndio wangefikiriwa kwanza, na sikumwambia, kwa kuogopa fomu zangu zisichekwe.

Alisimama.

"Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka. Watu walikuwa wakitupita kukimbilia kivuko.

"Ungeandika tu, mwanangu," akasema. "Hata kama nilikataa. Ningekununia siku mbili. Tatu, nikizidi. Halafu ningekuja kwenu na sahani ya kaimati." Alijaribu kucheka ikashindikana. "Siku mbili tu," akasema, akashusha buibui usoni akaenda zake.

Kaka yake alikuja na gari kumchukua Ijumaa iliyofuata, asubuhi. Mama alikwenda kumsaidia mjane kufunga vyombo. Mimi nilikwenda kazini.